Sekunde 30 za Gobori

Gobori ina mdomo mmoja tu. Inakula kwa mdomo huo na kutema kwa mdomo huohuo. Kwanza unamimina baruti. Kisha unatia kitambaa au karatasi, kisha risasi, halafu unachukua mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia, na kusukuma kila kitu hadi chini kabisa ya kasiba. Hapo bado hujamaliza. Lazima uongeze baruti kidogo karibu na jiwe la gumegume, au kama ni bunduki ya kisasa kidogo, uivishe fataki. Ndipo unainua, unalenga, unafyatua. Moshi ukitawanyika na ukagundua umekosa, unaanza tena alifu.

Askari wa Ulaya aliyenolewa kwa miaka aliweza kufanya yote hayo mara tatu kwa dakika. Wengine walihitaji muda zaidi, hasa mikono ikitetemeka. Tuseme sekunde 30. Insha hii inahusu hizo sekunde 30, na jinsi zilivyochangia kuamua nani angemiliki vilima vya Kericho na Bomet, vile ambavyo leo ukipita na matatu ya Nakuru kwenda Kisumu unaviona vimevaa kijani cha chai mpaka macho yachoke.

Lakini ili uelewe sekunde hizo, twende kwanza mbali kidogo, mahali ambapo gobori bado iko hai na haimtishi mtu: uwanja wa shabaha wa Bisley, kusini mwa Uingereza. Kuna watu wanaoshindana huko kwa bunduki za kushindilia, wakilenga shabaha zilizo yadi 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni zaidi kidogo ya mita 900. Ni kama kusimama kituo kimoja cha matatu ukilenga kitu kilicho kituo kinachofuata.

Mshindani wa aina hiyo huja na kitu ambacho ukikiona mara ya kwanza utadhani ni cha muuza karanga: meza ndogo ya kukunjwa. Huibeba mwenyewe kutoka kwenye gari, huifungua miguu, huisawazisha kwenye nyasi. Kimo chake ni cha kiunoni, ili asiiname. Pembeni ina ukingo mdogo unaozuia risasi zisibingirike na kuanguka. Juu yake kuna safu ya matundu, na katika kila tundu kuna kichupa chenye baruti iliyopimwa tayari nyumbani, kiasi cha risasi moja tu. Kuna nafasi ya risasi, nafasi ya vitambaa vyenye unyevu vya kusafishia masizi, na ndoano ya kuegemeza mdeki. Fataki hukaa upande wake, mbali na baruti. Ubavuni kuna panda ya kushika kasiba ili bunduki isimame wima ikishindiliwa.

Kila kitu hapo kina sababu. Baruti huja katika vichupa kwa sababu kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe kubwa ni kucheza na kifo: cheche moja iliyobaki ndani ya kasiba inaweza kulipua pembe nzima mkononi. Kichupa kilichotumika hurudishwa kichwa chini, ili mtu asije akasahau na kushindilia mara mbili. Na kwa kuwa baruti nyeusi huacha masizi mazito, bunduki husafishwa kati ya risasi na risasi, la sivyo risasi ya tano haitakwenda ilikokwenda ya kwanza.

Kwa kazi ya mikono, hakuna muujiza hapo. Fundi yeyote wa Litein au Kapkatet angeitengeneza kwa siku moja, kwa mbao za saiprasi, bawaba nne na gundi. Muujiza uko kwenye maana yake. Meza ile inasema: mimi nina muda. Hakuna anayenikimbilia. Naweza kupima, kufuta, kupuliza, kunywa chai, kisha nikapiga. Sekunde 30 za gobori zimefugwa, zimekuwa mnyama wa nyumbani.

Ufugaji huo una tarehe. Siku ya tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha shabaha huko Wimbledon. Bunduki aina ya Whitworth, ya kushindilia, iliwekwa juu ya kitegemeo cha chuma na kulengwa na mafundi umbali wa yadi 400. Malkia alivuta tu uzi wa hariri. Risasi ikagonga karibu na kitovu cha shabaha. Umati ukashangilia. Baruti alimimina nani, mdeki alisukuma nani, hayo hayakuwa ya kushangilia.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1874, timu ya Ireland ilivuka bahari hadi Creedmoor, karibu na New York, kushindana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walitumia bunduki za Rigby, za kushindilia. Wamarekani walitumia bunduki mpya za Remington na Sharps, zinazojazwa kwa nyuma. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na pengo hilo la pointi tatu lilitokana na Mwayalandi mmoja aliyegonga katikati kabisa ya shabaha, ila ikawa shabaha isiyo yake. Angalia hesabu hiyo vizuri. Kwa usahihi, gobori iliyotengenezwa kwa ustadi ilikuwa haijapitwa hata kidogo. Ilichokosa ni kasi. Na katika mashindano, kasi si hoja.

Vitani kasi ni kila kitu. Ndiyo maana majeshi ya Ulaya hayakungoja. Mwaka 1866 Waingereza walianza kuchukua bunduki zao za zamani za Enfield, wakakata nyuma ya kasiba na kuweka kifuniko chenye bawaba, kikaitwa Snider. Risasi sasa iliingia kwa nyuma, ikiwa imekamilika na baruti yake na fataki yake ndani ya ganda moja. Askari aliyekuwa akipiga mara tatu kwa dakika akapiga mara 10. Aliweza pia kujaza akiwa amelala kifudifudi, jambo ambalo mwenye gobori ndefu hawezi, maana yeye lazima asimame ili asukume mdeki. Wafaransa wakabadilisha, Wajerumani wakabadilisha, Wabelgiji wakabadilisha. Ghala za Ulaya zikajaa magobori ambayo hakuna jeshi liliyataka tena.

Yalikwenda wapi? Mengi yalikuja kwetu. Mwaka 1888, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka kuingia Afrika Mashariki. Hebu soma tena hiyo namba. Ni kama mitumba ya leo: kilichochosha kule kinapakiwa, kinauzwa hapa kama kipya. Nyingi hazikuwa na usahihi wa Rigby wala Whitworth. Kasiba zao zilikuwa laini ndani, bila ile mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo ukipita mita 100 ulikuwa unaomba Mungu tu.

Kiswahili kilizipokea bunduki hizo kwa maneno yake. Kushindilia, mdeki, kasiba, fataki, marisau, gumegume, shura ya kutengenezea baruti: msamiati mzima wa karakana, uliozaliwa na watu waliozishika bunduki hizi kila siku. Hadi leo ukisoma magazeti ya Tanzania utakuta polisi wamekamata "magobole" ya wawindaji haramu. Neno limeishi kuliko misafara iliyolibeba.

Sasa mfikirie mpagazi au askari wa msafara wa pwani, miaka ya 1880, anaelekea Mumias kutafuta pembe za ndovu. Meza hana. Meza yake ni mwili wake: pembe ya baruti begani, kifuko cha risasi kiunoni, vitambaa mdomoni. Mbele yake kuna nchi ya Wanandi na ya Wakipsigis, ambao watu wa pwani waliwaita Walumbwa kwa jina lililotoka kwa Wamasai. Watu hawa hawakuwa na haja kubwa ya bunduki. Walikuwa na mikuki, ngao ndefu za ngozi, na upinde.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa hivi: wazungu walikuja na bunduki, wazee wetu walikuwa na mikuki, basi wakashindwa. Mwisho wa somo, kengele ikagonga. Kumbe bunduki ilikuwa imefika miaka mingi kabla ya wazungu, na mikuki haikushindwa nayo. Wanandi walivamia misafara yenye bunduki na kuishinda, hadi nchi yao ikapata jina la nchi ya kuzunguka. Joseph Thomson alipokwenda Mumias mwaka 1883, hakukata njia katikati ya nchi yao. Alipitia Baringo, njia ndefu, akiwa na msafara wenye bunduki na waongozaji wanaoijua biashara hiyo.

Kwa nini mkuki ulishinda bunduki? Rudi kwenye sekunde 30. Bunduki ya kasiba laini ina maana kuanzia mita 100 hivi. Kijana mwenye ngao na mkuki, kwenye nyasi na mteremko, anamaliza mita 100 kwa sekunde 20, akichelewa sana. Na hapa tunazungumzia Kericho, bana, kaunti iliyomtoa Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 pale Tokyo mwaka 1964. Mwenye gobori alikuwa na risasi moja. Akikosa, au hata akimpata mmoja kati ya 10, tisa waliobaki wanafika kabla mdeki haujatoka kwenye kasiba. Kuanzia hapo alichoshika mkononi si bunduki tena. Ni rungu la bei ghali.

Ongeza mvua. Vilima hivi hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri baada ya alasiri. Baruti nyeusi ni mkaa, salfa na shura, na shura hunyonya unyevu. Ikilowa, jiwe la gumegume litatoa cheche mpaka lichoke, na hakuna kitakacholia. Mvua inayopendwa na chai ndiyo iliyochukiwa na gobori. Nchi yenyewe, na udongo wake na mawingu yake, ilikuwa upande wa mkuki.

Kwa hiyo swali la kweli la historia ni hili: nini kilibadilika kati ya miaka ya 1880 na 1905?

Sehemu moja ya jibu iliandikwa Brussels. Huko mataifa 17, Zanzibar ikiwemo, yalikubaliana kuhusu kuzuia biashara ya watumwa Afrika. Lengo hilo lilikuwa la haki, na biashara ya silaha kweli ilikuwa ikilisha biashara ya watumwa. Lakini mkataba ulikuwa na vifungu vya bunduki pia. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingizwa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye vibali. Kilichoweza kuruhusiwa sokoni, chini ya usimamizi, ni bunduki za gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Kwa lugha rahisi: Mwafrika abaki na gobori, na gobori ibaki na sekunde zake 30. Kericho iko chini kidogo tu ya ikweta, katikati kabisa ya ukanda huo.

Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Ndiyo, siku ileile Malkia alipovuta uzi wake wa hariri, miaka 30 kamili kabla. Na mwaka huohuo wa 1890 mashindano ya Wimbledon yalihamia Bisley, uwanja ambapo meza zetu ndogo zinafunguliwa hadi leo. Hakuna aliyepanga tarehe hizo zifanane. Ila ukiziweka pamoja zinakuonyesha kitu: gobori ilikuwa inagawanywa njia mbili. Upande mmoja inakuwa mchezo. Upande mwingine inakuwa mpaka, mstari ambao mtu mweusi haruhusiwi kuuvuka.

Aliyeuvuka tunamjua. Menelik wa Ethiopia alinunua na kukusanya bunduki za kisasa kwa makumi ya maelfu, nyingine kutoka kwa Waitaliano wenyewe, na mwezi Machi 1896 pale Adwa akawashinda Waitaliano haohao. Waethiopia hawakuwa na ujasiri kuwazidi Wanandi au Wakipsigis. Walichokuwa nacho ni sekunde.

Huku kwetu sekunde zilikuwa za upande mmoja. Bunduki ya Maxim, iliyobuniwa London mwaka 1884, ilipiga risasi kama 600 kwa dakika. Nguvu ya kurudi nyuma ya risasi moja ndiyo iliyopakia risasi inayofuata. Ukiifikiria vizuri, Maxim ni bunduki iliyofuta kushindilia kabisa. Ule mwanya ambamo kijana wa Kikipsigis alikuwa akikimbia haukuwepo tena. Mita 100 zilibaki mita 100, miguu ilibaki ileile, lakini muda wa kukimbia ulikuwa umeibwa.

Safari za kijeshi dhidi ya Wanandi zilianza mwaka 1895 na kurudiwa tena na tena, hasa baada ya reli kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kuhitaji kwao kurudi kila mara ni ushahidi tosha kwamba hata bunduki bora hazikumaliza kazi haraka. Mwaka 1905 ikafika zamu ya Sotik, sehemu ambayo leo iko Kaunti ya Bomet. Baada ya Wakipsigis wa huko kuvamia mifugo ya Wamasai na kukataa amri ya kuirudisha, serikali ilituma kikosi chenye Maxim. Watu wengi waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Miezi michache baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen alipokuja kwenye mazungumzo ya amani. Hakuna hesabu ya mita wala sekunde inayohitajika pale. Ilikuwa umbali wa kupeana mkono.

Kilichofuata ni ardhi. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Uingereza waliolemazwa vitani. Ni watu waliojeruhiwa na bunduki za Ulaya, wakalipwa kwa ardhi iliyochukuliwa kwa bunduki za Ulaya. Walipanda kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa ndani ya miaka michache. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, na vichaka vya kwanza vya mashamba makubwa vikashika mizizi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ukatungiwa sheria yake peke yake na kuhamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiuliza tena kuhusu mkuki.

Mambo haya hayajapoa. Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu wake wa haki za binadamu waliiandikia Uingereza. Mwaka 2022 wakafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mezani pao kuna tarehe, majina ya mabonde, majina ya mababu. Upande wa pili mara nyingi unategemea ule usemi wa darasani: ilikuwa vita, mwenye silaha bora alishinda, ndivyo dunia ilivyo. Ndiyo sababu inafaa kulijua suala la gobori kwa undani. Silaha bora haikuwa bora kama mvua ilivyo mvua. Kuna watu waliokaa kwenye meza, wakachora mstari kwenye ramani, wakaamua nani atajaza kwa mbele na nani atajaza kwa nyuma.

Na hesabu ya muda bado inaendelea vilimani. Mwezi Mei 2023, waandamanaji huko Kericho walichoma mashine za kuchuna chai. Mchunaji wa mkono ana kasi yake: vidole viwili, majani mawili na chipukizi, kapu mgongoni. Mashine inapita mstari mzima akiwa bado hajajaza kapu. Unaweza kusema kuchoma mashine ni makosa, na mjadala huo ni halali. Lakini usiseme watu wale hawaelewi maendeleo. Ni wajukuu wa watu waliojifunza kwa gharama kubwa kwamba chombo kinachookoa sekunde hakiwi cha kila mtu kwa wakati mmoja, na kwamba lazima uulize mapema sekunde hizo zinaingia mfukoni mwa nani.

Wikendi ikiwa kavu, pale Bisley mtu atafungua meza yake, apange vichupa, asimamishe bunduki kwenye panda, amimine baruti taratibu. Simwonei kinyongo. Ni mchezo mzuri, unafunza subira na usafi wa mkono. Ila ile subira ina bei, na bei hiyo haikulipwa Bisley. Ililipwa kwenye nyasi za Sotik na wakimbiaji ambao, kwa miaka mingi, sekunde 30 ziliwatosha.